Makubwa ya Ming: rekodi za nasaba iliyopanda na kuanguka China

Nasaba ya Ming ilitawala China kwa miaka 276, kuanzia 1368 hadi 1644, chini ya wafalme 16. Ilijenga, ikaandika, ikasafiri na ikaua kwa viwango ambavyo dola chache za zama zake zilivifikia. Mpanda ngazi hushuka, na hii hapa ni orodha ya vipago vya ngazi hiyo, vya kupandia na vya kushukia. Katika kila kimoja msomaji ajiulize maswali mawili: nani alitoa amri, na nani aliweza kumwambia hapana?

Aliyeanzia chini kuliko wote

Zhu Yuanzhang alizaliwa mwaka 1328 katika familia ya wakulima wasio na ardhi, eneo la Fengyang, katika mkoa ambao leo unaitwa Anhui. Mwaka 1344 njaa na tauni vilimwondolea baba, mama na kaka yake mkubwa kwa mfululizo, na hata pa kuwazika palipatikana kwa huruma ya jirani. Kijana akapokelewa katika monasteri ya Wabudha. Huko nako chakula kikaisha, akatoka kwenda kuombaomba njiani kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1352 alijiunga na waasi wa Vilemba Vyekundu waliokuwa wakipigana na watawala wa Kimongolia. Mwaka 1356 aliteka Nanjing. Mwaka 1363 alimshinda mpinzani wake Chen Youliang katika ziwa Poyang, kwenye moja ya mapambano makubwa kabisa ya majini ambayo historia inayafahamu. Januari 1368 akajitangaza mfalme, na kabla ya mwaka huo kwisha Wamongolia walikuwa wameikimbia Beijing. Hakuna mfalme mwingine wa Ming aliyewahi kuijua njaa kwa tumbo lake mwenyewe.

Amri nzito kuliko zote

Enzi yake iliitwa Hongwu. Mwaka 1380 alimwua waziri mkuu wake, Hu Weiyong, kwa tuhuma za njama, kisha akaifuta kabisa nafasi ya waziri mkuu, cheo kilichokuwepo China kwa zaidi ya miaka 1,500. Akaonya pia kwamba mrithi wake yeyote asithubutu kukirudisha. Tangu hapo kila barua, kila kesi na kila ombi la fedha likaelekea kwenye meza moja. Kumbukumbu za mwaka 1384 zinaonyesha kwamba katika siku nane tu alipokea nyaraka zaidi ya 1,600 zilizogusa mambo zaidi ya 3,000. Yeye alimudu. Alikuwa mtu wa kuamka kabla ya jogoo na kulala akiwa na kalamu mkononi.

Aliyemtilia shaka hakuishi. Msako uliofuata kesi ya Hu Weiyong ulidumu kwa zaidi ya miaka kumi na inakadiriwa uliua watu 30,000 hivi. Ule wa jenerali Lan Yu, mwaka 1393, uliua wapatao 15,000. Mfalme alipofariki mwaka 1398, wengi wa majenerali waliompandisha walikuwa wamemtangulia kaburini.

Ukuta mrefu kuliko zote za miji

Nanjing, mji mkuu wa kwanza wa Ming, ulizungushiwa ukuta wa urefu wa kilomita 35 hivi, na zaidi ya kilomita 25 bado zimesimama hadi leo. Ni ukuta mrefu kuliko kuta zote za miji zilizosalia duniani. Ubora wake una siri yake: matofali mengi yamepigwa chapa ya wilaya yalikotoka, jina la ofisa msimamizi na jina la fundi aliyeyachoma. Tofali likipasuka, mwenye kosa anajulikana. Mafundi wa karne ya 14 waliogopa kulipua kazi, nasi karne sita baadaye tunayasoma majina yao.

Jiwe kubwa lisilosimama

Hongwu alimwachia ufalme mjukuu wake. Mwanawe wa nne, Zhu Di, hakukubali. Baada ya vita vya miaka mitatu alimpindua mpwa wake mwaka 1402 na kutawala kwa jina la Yongle. Mtu aliyenyakua kiti anahitaji sana kuonekana mtoto mwema kwa baba. Hivyo mwaka 1405 aliagiza lichongwe jiwe la kumbukumbu ya Hongwu katika machimbo ya Yangshan, nje kidogo ya Nanjing.

Vipande vitatu vilichongwa: kitako, mwili na kichwa. Kwa pamoja vinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 31,000, na kama vingepandishwa kimoja juu ya kingine vingefika mita zaidi ya 70. Mafundi walifika mbali sana kwenye kazi kabla ya kukubali kwamba hapakuwa na nguvu duniani ya kuusogeza mzigo ule. Mawe bado yako palepale machimboni. Wenyeji husimulia kwamba kibarua aliyeshindwa kutoa kiasi chake cha kokoto kwa siku aliuawa.

Kasri kubwa kuliko yote

Yongle aliuhamishia mji mkuu Beijing, na kati ya 1406 na 1420 akajenga kasri linaloitwa Mji Uliokatazwa, kwa kuwa raia hakuruhusiwa kukanyaga humo. Lina eneo la mita za mraba 720,000, ukuta wa mita 10 kwenda juu, na handaki la maji lenye upana wa mita 52. Magogo yalisafirishwa kutoka misitu ya Sichuan na kusini-magharibi kwa mito na mfereji. Mfereji huo, unaounganisha Beijing na Hangzhou kwa takriban kilomita 1,800, ndio mrefu kuliko mifereji yote iliyochimbwa na binadamu, na Yongle aliufukua upya ili mchele wa kusini uulishe mji wake wa kaskazini.

Kasri lilizinduliwa mwanzoni mwa 1421. Mwezi Mei mwaka huohuo radi ilipiga na kumbi tatu kuu zikateketea. Zilijengwa upya baadaye, na wafalme 24 waliishi humo: 14 wa Ming na 10 wa nasaba iliyowafuata.

Kitabu kikubwa kuliko vyote

Mwaka 1403 Yongle aliagiza maarifa yote yaliyoandikwa kwa Kichina yakusanywe mahali pamoja. Wasomi zaidi ya 2,000 walifanya kazi hiyo hadi 1408. Walitoa kamusi elezo ya Yongle, yenye majuzuu 11,095 na herufi zipatazo milioni 370, zote zikiandikwa kwa mkono. Kwa miaka 600 hakuna kamusi elezo iliyoizidi, mpaka Wikipedia ilipoipita mwaka 2007.

Gharama ya kuichapa ilikuwa kubwa mno, kwa hiyo ilibaki nakala moja. Katika karne ya 16, baada ya moto kuwatisha watu kasrini, ilinakiliwa mara moja zaidi. Nakala ya kwanza ilipotea bila kuonekana tena; ya pili iliporwa kidogo kidogo, na mwaka 1900 sehemu kubwa iliungua Beijing katika mapigano ya uasi wa Mabondia. Leo yamebaki majuzuu kama 400, yaliyotawanyika katika maktaba za nchi mbalimbali. Hayafiki asilimia 4 ya kazi yote.

Msafara mkubwa kuliko yote, na abiria mrefu kuliko wote

Hapa ndipo historia ya Ming inapopiga hodi kwetu pwani. Zheng He alizaliwa mwaka 1371 huko Yunnan katika familia ya Waislamu. Alitekwa akiwa mtoto wakati majeshi ya Ming yalipoiteka Yunnan, akahasiwa, akakulia katika nyumba ya Zhu Di na kuwa towashi wake wa kuaminika. Kuanzia 1405 aliongoza misafara saba ya baharini. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Ming, wa kwanza ulikuwa na merikebu 317 na watu zaidi ya 27,000. Columbus, mwaka 1492, aliondoka na merikebu tatu na watu wapatao 90. Wataalamu wanabishana kuhusu ukubwa wa merikebu kuu za Zheng He, ambazo vitabu vya zamani vinazipa urefu wa zaidi ya mita 120. Hata wanaozipunguza wanakubali kwamba msafara wenyewe haukuwa na mfano katika zama zake.

Msafara wa tano, wa 1417 hadi 1419, ulifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Lakini Malindi ilikuwa imekwisha kujitambulisha. Mwaka 1414 mtawala wa Bengal alimpelekea Yongle twiga, na mwaka 1415 akafika twiga mwingine, huyu akiwa ni zawadi kutoka Malindi. Wachina walikuwa na hadithi ya mnyama aitwaye qilin, ambaye huonekana tu pale mfalme anapotawala kwa haki. Kwa mtu aliyempindua mpwa wake, ushahidi wa aina hiyo ulikuwa na thamani kuliko dhahabu. Mawaziri wakapongeza, wasomi wakatunga sifa, na mchoro wa twiga na mchungaji wake ukaenea hata ukatufikia sisi.

Mabaki ya mawasiliano hayo yapo kwenye udongo wetu. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa China na Kenya walipata Mambrui, kaskazini ya Malindi, sarafu ya shaba ya enzi ya Yongle yenye tundu la mraba katikati. Mwaka 2013 ikapatikana nyingine katika kisiwa cha Manda, jirani na Lamu. Huko Gedi, mji wa mawe uliofukuliwa na James Kirkman kuanzia 1948, vilipatikana vipande vya vyombo vya kauri vya Ming.

Yongle alifariki mwaka 1424. Mwanawe aliisimamisha misafara. Mjukuu wake akauruhusu mmoja wa mwisho, wa 1431 hadi 1433, na baada ya hapo bahari ikafungwa. Fedha zilihitajika kupigana na Wamongolia, na maofisa wasomi hawakupenda mradi ulioshikwa na matowashi. Kilichotuma merikebu ni utashi wa mtu mmoja. Ulipoondoka, na mabaharia waliondoka.

Aibu kubwa kuliko zote

Mwaka 1449 mfalme kijana Zhengtong, mwenye umri wa miaka 21, alishawishiwa na towashi Wang Zhen aende kupigana mwenyewe na Esen, kiongozi wa Wamongolia wa Oirat. Inasemekana aliondoka na askari nusu milioni. Huko Tumu, mahali pasipo maji, jeshi lilizingirwa na kuchinjwa, na mfalme akachukuliwa mateka.

Waziri Yu Qian aliokoa jahazi. Alimweka kitini mdogo wa mfalme, hivyo mateka akawa hana bei, kisha akailinda Beijing hadi Esen akarudi nyuma. Zhengtong aliachiwa mwaka 1450, akafungiwa ndani ya kasri kwa miaka saba, na mwaka 1457 akarudi madarakani kwa mapinduzi. Ndiye mfalme pekee wa Ming aliyetawala mara mbili. Jambo la mapema alilolifanya ni kumwua Yu Qian.

Ngome ndefu kuliko zote

Baada ya Tumu, Ming waliacha kushambulia wakaanza kujifungia. Ukuta Mkuu wa China unaoonekana kwenye picha, wa mawe na matofali, kwa sehemu kubwa ni wao. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2009 viliupa ukuta wa Ming urefu wa kilomita 8,851.8, ukijumlisha kuta, mahandaki na vizuizi vya asili kama milima na mito. Jenerali Qi Jiguang, aliyepewa ulinzi wa eneo la Beijing mwaka 1568, aliuongezea minara ya ulinzi zaidi ya 1,000. Katika chokaa ya kujengea walichanganya uji wa mchele wa kunata, na utafiti wa kikemia umethibitisha kwamba mchanganyiko huo ndio ulioipa saruji yao ugumu.

Tetemeko lililoua kuliko yote

Tarehe 23 Januari 1556 ardhi ilitetemeka Shaanxi. Kumbukumbu za serikali zilihesabu vifo 830,000, na hakuna tetemeko lingine katika historia lenye idadi iliyoandikwa kubwa kuliko hiyo. Watu wengi wa huko waliishi katika mapango yaliyochimbwa kwenye vilima vya udongo laini; vilima viliporomoka na kuwafukia wakiwa usingizini. Huo ni mkoa uleule ambao baadaye utamzaa mtu wa kuiangusha Ming.

Kazi ya subira kuliko zote

Si kila kikubwa kiliamriwa na mfalme. Tabibu Li Shizhen, kuanzia 1552, alitumia miaka 27 akitembea, akiuliza wavuvi, wawindaji na wauza mitishamba, na kusahihisha vitabu vya dawa vya zamani. Kitabu chake kina dawa 1,892 na maelekezo ya tiba zaidi ya 11,000. Kilichapishwa mwaka 1596, naye alikwisha kufa bila kukiona. Bado kinatumika na kutafsiriwa.

Kikombe ghali kuliko vyote

Aprili 2014 huko Hong Kong, kikombe cha kunywea divai chenye upana wa sentimita 8 tu, kilichochorwa jogoo, tetea na vifaranga, kilinunuliwa katika mnada kwa dola za Marekani milioni 36. Kilitengenezwa katika enzi ya Chenghua, 1465 hadi 1487. Rekodi hiyo ya kauri ya China ilidumu hadi 2017, ilipovunjwa na chombo cha nasaba ya Song. Mnunuzi wa kikombe hicho, bilionea Liu Yiqian, alipigwa picha akikinywea chai.

Utawala mrefu na utawala mfupi

Wanli alikaa kitini miaka 48, kuanzia 1572 hadi 1620, muda mrefu kuliko mfalme yeyote wa Ming. Alianza vizuri chini ya mwalimu wake, Zhang Juzheng, aliyejaza hazina na kurahisisha kodi ilipwe kwa madini ya fedha. Zhang alipokufa, mfalme na maofisa waligombania mrithi: yeye alimtaka mtoto wa mke mdogo aliyempenda, wao wakamtaka mtoto wa kwanza. Aliposhindwa, akanuna. Kwa zaidi ya miaka 20 hakuhudhuria baraza, na vyeo vilivyoachwa wazi hakuvijaza. Hapakuwa na waziri mkuu wa kushika usukani.

Mtoto huyo wa kwanza alitawazwa Agosti 1620. Aliugua, akapewa vidonge vyekundu na ofisa mmoja wa kasri, akafa baada ya mwezi mmoja hivi. Ndio utawala mfupi kuliko wote wa nasaba. Aliyefuata alipenda useremala, akamwachia nchi towashi Wei Zhongxian, ambaye aliwatesa wapinzani hadi kufa na kuruhusu mahekalu ya heshima yajengwe kwa jina lake angali hai.

Akiba ghali kuliko zote

Chongzhen, mfalme wa mwisho, alirithi mwaka 1627 nchi iliyokuwa ikiungua pande mbili. Kaskazini-mashariki, Wamanchu walikuwa wakipigana na Ming tangu 1618. Ndani, miaka ya baridi isiyo ya kawaida, ukame na nzige iliikausha Shaanxi. Askari hawakulipwa, na ukoo wa kifalme, uliofika makumi ya maelfu ya watu, uliendelea kula posho ya serikali.

Mwaka 1629, ili kubana matumizi, serikali ilipunguza vituo vya matarishi waliobeba barua za dola. Rahisi ni ghali. Miongoni mwa waliobaki bila kazi alikuwemo kijana wa Shaanxi, Li Zicheng. Alijiunga na waasi, akawa jemadari wao, na wakulima wakamfuata kwa ahadi ya kuondolewa kodi.

Chongzhen alikuwa mchapakazi na mwenye shaka, kama babu yake mwanzilishi. Katika miaka 17 alibadilisha washauri wakuu wapatao 50. Mwaka 1630 alimwua kikatili Yuan Chonghuan, jenerali aliyewahi kuwazuia Wamanchu. Tarehe 25 Aprili 1644 waasi walipoingia Beijing, mfalme alipanda kilima cha Jingshan, nyuma ya kasri, akajinyonga. Alikuwa na miaka 33.

Enzi fupi iliyomfuata Chongzhen

Li Zicheng alikaa Beijing wiki sita. Jeshi lake lilipora mji na kuwatesa maofisa ili watoe fedha. Jenerali wa Ming, Wu Sangui, aliyelinda lango la Shanhaiguan, mahali Ukuta Mkuu unapokutana na bahari, aliamua kushirikiana na Wamanchu na kuwafungulia njia. Kwa pamoja walimpiga Li mwishoni mwa Mei. Tarehe 3 Juni alijitawaza mfalme. Siku iliyofuata akakimbia. Ngome ya kilomita 8,851.8 haikubomolewa mahali pale. Ilifunguliwa kutoka ndani.

Wa mwisho kusalimu amri

Wana wa ukoo wa Ming waliendelea kupigana na Wamanchu kusini. Mfalme wao wa mwisho alikimbilia Burma, akakabidhiwa kwa adui na kuuawa Kunming mwaka 1662. Mwaka huohuo mfuasi wao, Zheng Chenggong, aliwafukuza Waholanzi Taiwan, na kizazi chake kilishika kisiwa hicho hadi 1683.

Hukumu

Msomi Huang Zongxi, aliyeshuhudia anguko hilo na kupigana upande wa walioshindwa, aliandika mwaka 1663 kwamba utawala mbovu wa Ming ulianza siku Hongwu alipofuta nafasi ya waziri mkuu. Nakubaliana naye. Amri ya 1380 ilihitaji kila mfalme awe Hongwu, na kati ya wafalme 16 Hongwu alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo rekodi kubwa ya Ming si kasri wala merikebu. Ni kwamba mfumo uliotegemea kichwa cha mtu mmoja ulidumu miaka 264 baada ya amri hiyo, na sifa ya kudumu kwake ni ya watu kama Yu Qian, Zhang Juzheng na Qi Jiguang, waliofanya kazi ya waziri mkuu bila kupewa cheo chake.